Kambale Yupi? Jina, Nasaba na Utafutaji wa Mhenga wa Kijijini katika Kivu ya Kaskazini

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mkazi wa mjini Goma anavyoweza kumtafuta mhenga wake aliyeishi kijijini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kwa kawaida kazi hii huachiwa wanahistoria, wanasheria na wazee wa ukoo. Hapa tunajaribu kuonyesha kwamba ni kazi ya mwanaisimu pia, kwa sababu mtafutaji hukutana na lugha kabla hajakutana na nyaraka: hukutana na majina, istilahi za ukoo na tahajia za watu waliosikia sauti ambazo lugha zao hazikuwa nazo.

Hoja yetu ni moja. Katika sehemu kubwa ya Kivu ya Kaskazini, jina ambalo mtu alipewa na wazazi wake halisemi yeye ni wa ukoo gani. Husema alizaliwaje: wa ngapi, baada ya nani, au wakati wa tukio gani. Anayelisoma kama jina la ukoo hupotea njia. Anayelisoma kama sentensi fupi juu ya kuzaliwa kwa mtu huyo hupata ushahidi ambao hata daftari la serikali halina.

Tutaeleza hoja hii kwa kufuata kisa kimoja tulichoshirikishwa katika mwaka 2021, kabla barabara ya Rutshuru haijafungwa na vita mwaka 2022. Kijana mmoja na binti mmoja, wote wawili wakazi wa Goma na wote wawili wa asili ya Lubero, walitaka kuoana. Familia mbili zilipokutana kwa mazungumzo ya kwanza, kabla mbuzi wa mahari hawajatajwa, mzee mmoja aliuliza swali la desturi: mnatoka mlima gani, na aliyewazaa ni nani? Upande wa kijana ukajibu kwamba baba wa babu yao alikuwa Kambale. Upande wa binti ukajibu vivyo hivyo, tena ukataja mlima ule ule. Nyumba ikanyamaza. Iwapo Kambale huyo ni mmoja, vijana hao ni ndugu, na ndoa haiwezekani. Iwapo ni wawili, huenda hakuna kizuizi. Mwandishi wa makala haya aliombwa asaidie kujibu swali ambalo ndilo kichwa cha makala: Kambale yupi?

2.0 Njia ya Waingereza na mipaka yake

Vitabu vingi vinavyofundisha namna ya kutafuta wahenga vimeandikwa katika nchi za Ulaya, na mfano unaopendwa sana ni ule wa Mwingereza anayemtafuta babu yake aliyekuwa kibarua wa mashamba. Ni vizuri kuuangalia mfano huo, ili tujue tunaweza kukopa nini na tuache nini.

Katika mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia ya Uingereza iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Tarehe 1 Julai 1837 serikali yenyewe ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales. Sensa ya mwaka 1841 iliandika majina ya watu nyumba kwa nyumba, na kuanzia ile ya 1851 kila mtu akaulizwa pia parokia aliyozaliwa. Hivyo basi, hata mtu maskini asiyejua kusoma, ambaye hakuwahi kumiliki shamba wala nyumba, aliacha alama katika madaftari matatu au zaidi.

Hata hivyo, nguvu ya njia hiyo haitokani na madaftari peke yake. Inatokana na jina la ukoo. Kufikia mwisho wa karne ya 14 Waingereza wengi walikuwa na jina lililorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Mtafutaji hulishika jina hilo kama mtu anayeshika kamba gizani, akarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Panapokuwa na watu wengi wenye jina moja katika kijiji kimoja, ndipo hulazimika kutumia vitambulisho vingine: jina la mama, mahali, kazi, na mashahidi wa ndoa.

Kwetu sisi kamba hiyo haipo. Tukimleta mtaalamu wa Kiingereza Lubero na kumwambia amtafute Kambale, atafungua daftari na kukuta akina Kambale kwa mamia, nao hawana undugu wowote wa lazima. Kile ambacho kwa Mwingereza ni njia ya dharura, yaani mama, mahali na mashahidi, kwetu ndiyo njia kuu.

3.0 Jina kama nafasi

Wanande wa Beni na Lubero, pamoja na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda wa milima ya Ruwenzori, huwapa watoto majina kwa kufuata mfululizo wa kuzaliwa. Matumizi hutofautiana kidogo baina ya mahali na mahali, lakini mpango wenyewe unajulikana na kila mtu. Mvulana wa kwanza huitwa Paluku, au Mumbere, au Nzanzu. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Kwa wasichana, wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa nne Mbambu, wa tano Katungu. Mvulana aliyezaliwa baada ya msichana au wasichana huweza kuitwa Muhindo, na msichana aliyewafuata wavulana huitwa Kahindo. Majina haya mawili yanabeba dhana ya mabadiliko, maana uzazi umegeuka kutoka jinsia moja kwenda nyingine.

Mpango huu una matokeo matatu ambayo mtafutaji hana budi kuyajua.

Kwanza, kila jina hudokeza majina mengine. Kambale hawezi kuwa peke yake: kabla yake alizaliwa mvulana mwingine, awe aliishi au alifariki. Familia ikikumbuka Paluku, halafu Kasereka, bila kumkumbuka Kambale, pengo hilo si kosa la hesabu. Mara nyingi ni kaburi la mtoto ambalo hakuna aliyebaki wa kulitaja. Kwa hiyo orodha ya majina ya ndugu ni kama sentensi yenye sarufi: neno likikosekana, nafasi yake inaonekana.

Pili, hesabu hufanywa kwa mama. Mwanamume mwenye wake wawili anaweza kuwa na akina Kambale wawili, mmoja kwa kila nyumba, na hakuna anayeona ajabu. Jambo hili, kama tutakavyoona, ndilo lililokuwa ufunguo wa kisa chetu.

Tatu, jina halirithiwi. Baba wa Kambale anaweza kuwa Mbusa, na mtoto wa Kambale akawa Paluku. Ukoo hujulikana kwa kuulizwa, haujulikani kwa kusomwa katika jina. Ndiyo maana Wanande wengi wana jina la pili, ambalo laweza kuwa la mhenga, la tukio au la utani, na mara nyingi hilo la pili ndilo linalomtenga mtu na wengine.

Wanande si wa pekee katika hali hii. Katika Masisi na Rutshuru, wasemaji wa Kinyarwanda kwa desturi walimpa kila mtoto jina lake mwenyewe, lenye maana yake, nalo halikupita kwa wana wake. Koo zao, kama vile Abasinga, Abagesera au Abazigaba, hazionekani katika jina. Vilevile katika miji yetu yote kuna watu wanaoitwa kwa Kiswahili: Bahati, Riziki, Furaha, Mapendo, Mateso, Vumilia, Zawadi. Majina haya husema hali ya wazazi siku ile, yaani shukrani, matumaini au taabu. Mtoto anayeitwa Mateso ni taarifa ya mwaka fulani wa familia fulani, ila hatuwezi kuisoma taarifa hiyo mpaka tuulize kwa nini aliitwa hivyo.

Inafaa pia kutaja suala la tahajia. Mapadri wa kwanza walikuwa Wafaransa, Wabelgiji na Waholanzi, na kila mmoja aliandika alivyosikia. Kinande kina sauti iliyo kati ya b na v, ambayo mwandishi mmoja aliiona kuwa b na mwingine v. Kwa hiyo Kavugho na Kabuo ni jina moja, na Paluku ndiye Baluku. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, Kambale anakuwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka, Kakule anakuwa Kule, Katembo anakuwa Thembo na Kavira anakuwa Biira. Msomaji ataona mara moja kwamba upande wa Kongo hupenda kiambishi ka-. Mpaka wenyewe ulikubaliwa na mataifa ya Ulaya mjini Brussels mwaka 1910. Mtu aliyehamia ng'ambo baada ya hapo alibadilisha karatasi na umbo la jina, lakini nafasi yake kati ya ndugu zake haikubadilika.

4.0 Istilahi za ukoo katika Kiswahili chetu

Mazungumzo ya familia mbili tulizotaja yalifanyika kwa Kiswahili, kwa kuwa vijana wengi wa Goma hawakijui vizuri Kinande cha babu zao. Hapo palitokea tatizo la pili.

Katika Kiswahili cha Goma, mtu husema mukubwa yangu na mudogo yangu. Maneno haya hayasemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke, wala hayasemi kama ni mtoto wa mama mmoja, wa baba mmoja au wa ndugu wawili. Baba mkubwa na baba mdogo ni baba pia. Kwa hiyo ndugu wa babu huitwa babu, na baba yao huitwa babu vilevile. Msimulizi anaposema babu yetu alikuja na Wamisionari, anaweza kuwa anasema juu ya mmoja kati ya watu watano, wa vizazi viwili tofauti. Yeye hadanganyi, wala lugha haijaharibika: huu ni mfumo unaothamini umoja wa nyumba kuliko kumtenga mtu mmoja mmoja. Lakini mtafutaji anayetaka mtu mmoja hutatizwa nao.

Kiswahili sanifu chenyewe kina tabia moja inayoweza kutusaidia. Tukihesabu kwenda chini, tuna ngazi zilizo wazi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Tukihesabu kwenda juu, baada ya babu na bibi maneno yanaanza kuwa ya jumla: mababu, wahenga, wazee wa kale. Lugha inamtazama mhenga akiwa ameketi juu, akiwahesabu walio chini yake. Kwa sababu hiyo tumeona kwamba wazee hujibu vizuri zaidi wanapoulizwa kwa kushuka. Ukimwuliza mzee, baba wa baba wa babu yako ni nani, atakaa kimya au atakupa jina la mtu mashuhuri wa ukoo. Ukimwuliza, fulani alizaa nani na nani, kwa mke yupi, na wa kwanza alizaa nani, atakwenda bila kusita mpaka afike kwake mwenyewe. Jan Vansina, aliyeanza kazi yake kwa Wakuba wa Kasai na kuchapisha mwaka 1961 kitabu chake maarufu juu ya mapokeo simulizi, alifundisha kwamba mapokeo lazima yapimwe kama hati yoyote nyingine. Sisi tunaongeza kwamba swali nalo lazima lipimwe, kwa sababu swali baya huzaa jibu baya kutoka kwa shahidi mwema.

Tulizihoji familia mbili kila moja peke yake, kwa kushuka. Familia ya kijana ilisema: Kambale wetu alitanguliwa na Paluku, akafuatwa na Kasereka aliyekwenda kufanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Manguredjipa asirudi. Familia ya binti ilisema: Kambale wetu alitanguliwa na Nzanzu, hakufuatwa na mvulana, na dada yake mdogo alikuwa Kavira. Ndugu wa mmoja hawakuwa ndugu wa mwingine. Zaidi ya hayo, familia ya binti ilitaja ukoo mwingine kabisa. Ilionekana kwamba akina Kambale ni wawili, na watu wakaanza kupumua.

5.0 Nyaraka na makazi yake

Hata hivyo, kumbukumbu mbili zinazotofautiana hazitoshi. Ilitubidi kutafuta karatasi, na hapa tueleze kwa ufupi karatasi hizo ziko wapi.

Kwa mtu wa kijijini wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, chanzo cha kwanza ni daftari la ubatizo. Katika eneo la Beni, Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu walifungua misheni mwaka 1906, na Waasumsio waliwapokea kazi hiyo kuanzia 1929. Madaftari yao yaliandikwa kwa Kilatini. Kila mstari una namba, tarehe, jina la mbatizwa, jina la baba na la mama, msimamizi wa ubatizo na padri. Pembeni huandikwa ndoa, hata iliyofungwa katika parokia nyingine, kwa kuwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza hivyo. Kwa hiyo mstari mmoja wa ubatizo unaweza kuwa na maisha nusu ya mtu. Ikumbukwe kwamba parokia za kwanza zilikuwa kubwa mno, zikihudumia milima ambayo leo ina parokia nyingi. Kabla ya kwenda parokia ya leo, mtafutaji aulize parokia mama ilikuwa ipi.

Chanzo cha pili ni karatasi za serikali ya kikoloni: orodha za walipa kodi ya kichwa zilizotunzwa katika usultani, vitabu vya utambulisho, na orodha za wafanyakazi wa makampuni. Karatasi hizi zimetawanyika kufuatana na historia ya utawala. Kivu ilikuwa chini ya Jimbo la Mashariki mpaka 1933, ndipo ikawa jimbo lenye makao yake Bukavu, mji uliokuwa ukiitwa Costermansville. Kivu ya Kaskazini ikawa jimbo la peke yake mwaka 1988. Basi barua juu ya mlima mmoja wa Lubero inaweza kuwa imekwenda Kisangani, Bukavu au Goma, na nakala yake ikawa Brussels. Kwa familia za Masisi zilizoletwa kutoka Rwanda na utawala wa Kibelgiji kati ya 1937 na 1955, wakati wa ile Misheni ya Uhamisho wa Wanyarwanda, karatasi ni nyingi zaidi, kwa sababu serikali iliyowahamisha watu iliwahesabu pia.

Miaka ya kuzaliwa katika karatasi hizo ni ya kukadiria. Afaadhali kuulizia tukio kuliko mwaka. Kwetu huku milima ya moto imetusaidia: mlipuko wa Rumoka karibu na Ziwa Kivu mwaka 1912, ule mrefu wa Nyamulagira ulioanza 1938, na kushuka kwa moto wa Nyiragongo tarehe 10 Januari 1977. Kwa wenye asili ya Rwanda kuna njaa zenye majina yake, kama Rumanura ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na Ruzagayura ya 1943 na 1944.

Chanzo cha tatu kina mtego. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na wananchi wakatakiwa kutumia majina ya Kizaire. Mtu aliyekuwa ameandikwa kwa jina la ubatizo na Kambale akalazimika kuongeza jina jingine la asili. Mmoja alichukua jina la baba, ndugu yake akachukua la babu, wa tatu akachukua la utani. Hivyo ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na karatasi ambazo hazina neno moja linalofanana. Baada ya Aprili 1990, Mobutu alipolegeza kamba, majina ya Kikristo yalirudi hadharani, safari hii yakiandikwa pamoja na hayo mengine. Sheria ya familia ya mwaka 1987 iliendelea kutaka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi. Anayetafuta mtu aliyeishi katika nyakati zote hizi hana budi kumtafuta kwa majina matatu.

6.0 Jibu la kisa chetu

Parokia mama ya mlima ule ilikuwa imetunza daftari lake. Padri aliturukhusu kusoma mbele yake, bila kupiga picha. Tuliwakuta akina Kambale wawili wa mlima huo: mmoja alibatizwa 1936, mwingine 1941, wote wakiwa vijana wakubwa. Mama zao walikuwa tofauti, kama kumbukumbu za familia zilivyodokeza. Lakini jina la baba lilikuwa moja, tena si jina la kuzaliwa peke yake. Liliandikwa pamoja na jina la utani la nadra, ambalo hatutalitaja hapa. Juu ya hayo, msimamizi wa ubatizo wa Kambale wa 1941 alikuwa Kambale yule wa 1936.

Tulirudi kwa bibi mmoja mzee wa Butembo, ambaye hakuwa wa upande wowote, tukamwuliza kwa kushuka, bila kumwambia tumesoma nini. Alimtaja baba yule kwa jina lake la utani. Akasema alikuwa na nyumba mbili katika mlima mmoja, ya juu na ya chini. Alipofariki, mke wa nyumba ya chini alirudi kwa kaka zake katika usultani mwingine, akiwa na watoto wake. Watoto wakalelewa na wajomba, wakalima mashamba ya wajomba, na wajukuu wao wakazoea kujitaja kwa ukoo wa wajomba. Ndiyo sababu familia ya binti ilitaja ukoo mwingine. Haikusema uongo. Ilikuwa imesahau safari ya mama mmoja mjane.

Jibu likawa hili: akina Kambale walikuwa wawili, na walikuwa ndugu wa baba mmoja. Tulichodhani kuwa ushahidi wa kuwatenganisha, yaani mifululizo miwili ya majina, kilikuwa ushahidi wa wake wawili tu. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeusoma mfululizo wa majina kana kwamba unasimulia habari za baba, ilhali unasimulia habari za mama.

Wazee wa pande zote walikaa siku moja nzima. Posa iliondolewa kwa heshima, bila lawama kwa yeyote. Hatuwezi kuficha kwamba vijana wawili waliumia, na kwamba mmoja wao alituuliza kama isingekuwa heri daftari lile lingeungua. Hatukuwa na jibu la kitaalamu kwa swali hilo. Lakini familia hizo mbili zimeendelea kutembeleana, na katika msiba uliotokea baadaye zilikaa upande mmoja wa matanga.

7.0 Nasaba isigeuzwe silaha

Kisa hiki kilihusu ndoa. Katika jimbo letu, hata hivyo, swali la nani alimzaa nani limewahi kuulizwa kwa nia nyingine. Sheria ya uraia ya mwaka 1972 iliweka tarehe ya 1 Januari 1950 kuwa kipimo kwa watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu. Sheria ya 1981 ikaifuta hiyo na kutaka mtu athibitishe kwamba mhenga wake alikuwa wa kabila lililokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ni nani katika kijiji chochote cha Kongo, wa kabila lolote, angeweza kuonyesha karatasi ya mwaka huo? Madaftari hayakuwapo. Sheria ya Novemba 2004 iliachana na tarehe hiyo, ikatumia wakati wa uhuru wa 1960. Lakini kati ya sheria hizo mbili tuliona vita vilivyoanza Machi 1993 katika Walikale na Masisi, ambapo swali la mwenyeji na mgeni liliwaua watu wengi.

Kwa hiyo mtafutaji wa nasaba katika Kivu ana wajibu ambao mwenzake wa Uingereza hafikirii mara kwa mara. Asichapishe majina ya familia zilizo hai bila idhini. Asitumie jina peke yake kuamua kabila la mtu, maana tumeona kwamba jina halibebi ukoo, na mama mmoja mjane anaweza kubadilisha ukoo wa wajukuu wake kwa kutembea siku mbili. Kadiri mtu anavyochimba nasaba kwa uaminifu, ndivyo anavyokuta uhamisho, ndoa za mbali na watoto waliolelewa na wajomba. Nasaba iliyochunguzwa vizuri haimpi mtu silaha dhidi ya jirani yake. Mara nyingi humwonyesha kwamba jirani huyo ni ndugu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumtafuta mhenga wa kijijini katika Kivu ya Kaskazini kunahitaji mambo manne kwa mfuatano. Kwanza, lisome jina kama nafasi au tukio, na uandike ndugu wote wa tumbo moja pamoja na mapengo yao. Pili, uliza kwa kushuka, kwa mke baada ya mke, na kila shahidi peke yake. Tatu, nenda kwenye daftari la parokia mama ukitazama mama, mlima na msimamizi wa ubatizo kabla ya jina lenyewe. Nne, rudi kwa shahidi asiye na faida katika jibu.

Kazi hii haiwezi kungoja. Moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 uliunguza sehemu kubwa ya Goma pamoja na kanisa kuu la jimbo. Vita vilivyorudi vimewahamisha wazee kutoka milima yao, na wengi wao waliishi katika kambi zilizouzunguka mji huu mpaka mwanzoni mwa 2025. Mzee aliyehama bado anakumbuka nyumba ya juu na nyumba ya chini, lakini mjukuu wake aliyezaliwa mjini hatazikumbuka.

Tunawapendekezea wanafunzi wa idara za lugha zoezi moja lisilohitaji fedha. Katika likizo ijayo, kila mmoja akae na mzee mmoja wa kwao, amwombe ataje watoto wa mama mmoja tu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, waliokufa na waliopo, na aandike kila jina kama lilivyotamkwa. Ukurasa mmoja unatosha. Siku moja mtu ataingia katika nyumba iliyonyamaza, na ukurasa huo utamsaidia kujibu.